Presha ya Wapi? Historia Fupi ya Kanieneo ya Mafuta katika Injini na Majina Yake

Utangulizi

Makala hii imetokana na kosa, na kosa lenyewe lilikuwa letu. Miaka kadhaa iliyopita tuliombwa kutafsiri mwongozo mfupi wa matengenezo ya magari kwa ajili ya mafundi wa karakana moja ya mkoani. Ndani yake palikuwa na orodha ya mambo ya kuchunguza pindi gari la petroli linapokosa nguvu mlimani. Orodha ile ilitaja vitu viwili mbalimbali: jinsi pistoni inavyoshindilia hewa ndani ya silinda, na jinsi pampu inavyosukuma mafuta ndani ya bomba liendalo kwenye nozeli. Sisi tuliona kushindilia na kusukuma ni ndugu, tukaviita vyote viwili "mgandamizo". Kisha, tulipoona neno lile lile limejirudia katika hatua mbili zinazofuatana, tukadhani ni marudio tu, tukaziunganisha: "Pima mgandamizo; ukiwa mzuri, endelea."

Fundi aliyeusoma mwongozo ule alifanya kama alivyoagizwa. Alifungua plagi, akachomeka geji yake katika silinda moja baada ya nyingine, akakuta mgandamizo ni mzuri, akaendelea. Alibadilisha plagi, akabadilisha nyaya, akasafisha njia ya hewa. Gari liliwaka vizuri uwanjani, lakini kila lilipofika mlimani lilikata pumzi. Lilikuwa gari la kubebea wagonjwa, nalo lilikaa karakana wiki tatu. Mwishowe alikuja fundi mzee aliyekwisha kustaafu, akasomewa orodha, akauliza swali moja tu: "Presha ya wapi?"

Swali hilo ndilo linalotuongoza katika makala hii. Tunakusudia kueleza, kwa ufupi, jinsi mafuta yalivyosukumwa kwenda katika injini tangu magari ya awali hadi leo, jinsi mafundi walivyojifunza kutambua hitilafu za msukumo huo, na jinsi Kiswahili kilivyojaribu kuutaja. Tunaamini msomaji ataona kwamba ugumu wa istilahi hii haukutokana na uhaba wa maneno. Maneno tunayo manne au matano. Ugumu umo katika kulitumia lolote kati ya hayo bila kusema ni la mahali gani.

Mafuta yalipoteremka yenyewe

Elimu ya kupima msukumo wa vitu vimiminika na hewa ni ya zamani kuliko injini. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli alionyesha kwamba hewa ina uzito unaoweza kuinua zebaki katika mrija wa kioo. Mwaka 1648, kwa maagizo ya Blaise Pascal, mrija wa namna hiyo ulipandishwa juu ya mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa, ikaonekana kwamba zebaki hushuka kadiri mtu anavyopanda. Mwaka 1849 Eugène Bourdon, Mfaransa pia, alipata hataza ya geji yenye mrija uliopindwa, ambao hujinyoosha kidogo unaposukumwa kwa ndani na kuzungusha sindano. Geji za karakana zenye sura ya saa, zile za sindano, nyingi zao hadi leo ni wajukuu wa chombo hicho.

Ajabu ni kwamba magari ya kwanza hayakuihitaji geji hiyo kwa upande wa mafuta. Tangi liliwekwa juu ya kabureta, nayo petroli iliteremka kwa uzito wake. Ford Model T, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1908 na 1927, ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Katika matoleo yake mengi tangi lilikuwa chini ya kiti cha mbele. Gari lilipopanda mlima mkali huku mafuta yakiwa kidogo, kabureta ilikuwa juu kuliko mafuta, nayo injini ikazimika. Madereva waligundua dawa: waligeuza gari na kupanda kinyumenyume.

Dereva yule alikuwa amekwisha tambua hitilafu ya kanieneo ya mafuta, ingawa hakuwa na neno hilo. Tukikadiria, petroli yenye kimo cha sentimita 50 husukuma kwa pascal 3,600 hivi, ambayo ni chini ya sehemu 4 kwa 100 ya msukumo wa hewa inayotuzunguka. Mteremko mdogo tu ulitosha kuumaliza. Hapa msukumo na kimo vilikuwa kitu kimoja, na neno "mafuta hayateremki" lilieleza yote yaliyohitaji kuelezwa.

Pampu na kabureta

Watengenezaji walipolishusha tangi na kulipeleka nyuma ya gari, ilibidi mafuta yainuliwe. Katika miaka ya 1920 na 1930 ilienea pampu ya kiwambo, inayoendeshwa na injini yenyewe: mkono mdogo huvuta kiwambo, mafuta yakafyonzwa kutoka tangini, springi hukirudisha, mafuta yakasukumwa kwenye kabureta. Msukumo wake ulikuwa mdogo, kwa kawaida baina ya bar 0.2 na 0.4. (Bar moja ni pascal 100,000, karibu sawa na msukumo wa hewa ya pwani.)

Tangu hapo hitilafu zikawa za namna mbili zinazopingana. Msukumo ukipungua, kabureta hukauka na injini hukosa nguvu. Msukumo ukizidi, sindano inayofunga mlango wa kabureta hushindwa kuuzuia, mafuta hufurika na plagi hulowa. Inapendeza kukumbuka kwamba kile kipande kinachoelea ndani ya kabureta na kuiinua sindano hiyo, mafundi wetu wamekiita "boya" bila kuambiwa na mtu. Neno la baharini lilitafuta kazi nchi kavu likaipata, kwa sababu aliyelitumia alikitazama chombo kikifanya kazi kabla ya kukipa jina.

Palikuwa na hitilafu ya tatu iliyowasumbua sana watu wa nchi za joto. Petroli huchemka upesi, na zaidi katika upande wa bomba unaofyonzwa, ambako msukumo ni hafifu. Ikichemka, bomba hujaa mvuke, na pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika hubaki ikipapasa mvuke. Madereva wa zamani waliopanda Sekenke au Kitonga wakati wa jua kali hawakuhitaji kufundishwa ugonjwa huo. Walisema "mafuta yamekata", wakalowesha kitambaa, wakakifunga juu ya pampu, wakangoja. Tiba ilikuwa sahihi kabisa. Lakini jina halikutenganisha mafuta yaliyokatwa na mvuke, mafuta yaliyokatwa na chujio lililoziba, na mafuta yaliyokwisha tangini. Kwa dereva aliye peke yake njiani haidhuru, maana ataangalia kimoja baada ya kingine. Kwa mwalimu anayefundisha darasa zima inadhuru.

Dizeli na misukumo miwili

Historia ya dizeli ilianza kwa njia nyingine. Rudolf Diesel alipewa hataza yake Ujerumani mwaka 1893, na mwaka 1897 injini yake ilifaulu kujaribiwa mjini Augsburg. Injini hiyo haina plagi ya kuwasha cheche. Hewa hushindiliwa mpaka ikawa ya moto, ndipo mafuta yaingizwe. Kuyaingiza ndani ya hewa iliyoshindiliwa kiasi hicho ndiko kulikokuwa kugumu. Diesel alitumia hewa nyingine, iliyoshindiliwa zaidi, kuyapuliza mafuta ndani. Mtambo wa kushindilia hewa hiyo ulikuwa mzito, na kwa sababu hiyo dizeli za kwanza zilifaa viwanda na meli, si magari.

Njia ya barabara ilifunguka pale mafuta yenyewe yalipoweza kusukumwa kwa nguvu kubwa. Robert Bosch alianza kazi ya pampu ya namna hiyo mwaka 1922, na kiwanda chake kikaanza kuitoa kwa wingi mwaka 1927. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ilionyesha gari dogo la abiria la dizeli, 260 D.

Kuanzia hapo injini moja ya dizeli ilikuwa na misukumo mitatu inayopasa kutofautishwa. Upo ushindiliaji wa hewa ndani ya silinda. Upo msukumo mdogo wa pampu ya kuvuta mafuta kutoka tangini, ambao kwa kawaida ni bar moja au mbili. Na upo msukumo mkubwa wa pampu yenyewe, unaofungua nozeli. Kwa injini nyingi za zamani nozeli ilifunguka baina ya bar 100 na 250. Mtu akisema tu "mgandamizo wa dizeli", ametaja mambo matatu ambayo hupimwa mahali patatu, kwa geji tatu tofauti, na ambayo tiba zake hazifanani hata kidogo.

Mafundi walikuwa na njia ya kutambua nozeli mbovu bila geji yoyote. Injini ikiunguruma polepole, fundi alilegeza kwa spana nati ya bomba la nozeli moja. Mlio ukibadilika, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, mgonjwa amepatikana. Njia hii ilifundishwa katika vyuo, ikaandikwa vitabuni, na imo katika mikono ya maelfu ya mafundi. Tutairudia baadaye, kwa kuwa ndani yake mna hatari.

Herufi D

Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ilianza kuuza mtambo wa petroli ulioongozwa kwa elektroniki, ukafungwa kwanza katika Volkswagen 1600 zilizopelekwa Marekani. Mtambo huo uliitwa D-Jetronic. Herufi D ni ya neno la Kijerumani "Druck", yaani msukumo. Mtafsiri asiye na habari atadhani, kama tulivyodhani sisi hapo kwanza, kwamba ni msukumo wa mafuta. Sivyo. Ni msukumo wa hewa katika bomba la kuingizia hewa, ambao mtambo uliupima ili kujua injini inavuta hewa kiasi gani. Ndugu zake wa miaka ya 1970 walipewa herufi L, ya "Luft", yaani hewa, na K, ya neno lenye maana ya mfululizo. Basi hata Wajerumani, walioubuni mtambo, waliandika "msukumo" bila kusema wa wapi, wakawaachia wengine kazi ya kuuliza.

Mtambo huu ulibadilisha hadhi ya kanieneo ya mafuta. Katika kabureta kanieneo ilikuwa mchukuzi tu: kazi yake ni kufikisha mafuta mlangoni. Katika mtambo wa elektroniki ilikuwa kipimo. Kompyuta haipimi mafuta, inapima muda. Huifungua nozeli kwa elfu kadhaa za sekunde, ikiamini kwamba kanieneo haibadiliki, na kwa hiyo muda fulani ni mafuta fulani. Ni kama muuza maji anayehesabu sekunde bomba likiwa wazi badala ya kuhesabu ndoo. Hesabu yake ni ya haki maadamu bomba lina nguvu ile ile asubuhi na jioni. Kanieneo ikishuka kwa robo, mafuta yapitayo nozelini kwa muda ule ule hupungua kwa takriban asilimia 13.

Ndiyo maana palihitajika kidhibiti, ambacho mafundi hukiita regyuleta: kiwambo na springi vinavyoyarudisha tangini mafuta yaliyozidi, ili kanieneo ibaki, kwa mfano, bar 2, au 2.5, au 3, kulingana na mtambo. Na ndiyo maana geji ya Bourdon, iliyokuwa mgeni upande wa petroli, ikawa chombo cha lazima.

Namna fundi anavyoiuliza geji

Tumejifunza kwa mafundi kwamba geji ya mafuta huulizwa maswali matatu, na kila swali lina wakati wake.

Swali la kwanza ni: ipo? Fundi hutoa kwanza msukumo uliobaki, akaweka mbali kila chenye moto, akaunga geji kwenye bomba la nozeli. Hufungua swichi bila kuwasha injini. Katika magari mengi pampu ya umeme huzunguka sekunde chache kisha husimama, na sindano hupanda mpaka kwenye kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Isipopanda, huenda pampu haizunguki, au inapata umeme dhaifu, au mafuta hayaifikii.

Swali la pili ni: inatosha kazini? Pampu iliyochoka au chujio lililoziba nusu huweza kuonyesha kanieneo nzuri injini ikiwa imetulia, kwa kuwa mafuta yanayotakiwa ni machache. Mafuta yakikanyagwa na injini ikabebeshwa mzigo, mtiririko huongezeka, na hapo ndipo sindano huanguka. Katika magari ya sasa ugonjwa huu hufichwa zaidi, kwa sababu kompyuta huona kwamba mafuta ni machache, ikaongeza muda wa kufungua nozeli. Dereva hajui lolote mpaka afike mlimani, ambako hakuna tena muda wa kuongeza.

Swali la tatu ni: inadumu? Injini ikizimwa, kanieneo hupaswa kubaki kwa muda. Ikianguka mara moja, pana mahali panapovuja: vali ya pampu inayozuia mafuta yasirudi, au kidhibiti, au nozeli isiyofunga. Gari la namna hii huwaka kwa shida baada ya kusimama.

Kwa magari yenye bomba la kurudisha mafuta, fundi huweza kulibana bomba hilo la mpira kwa kitambo kidogo. Sindano ikipanda, pampu ni nzima na lawama ni ya kidhibiti. Isipopanda, lawama ni ya pampu, au chujio, au njia ya kufyonza, au hata kitundu cha hewa cha tangi kilichoziba na kuacha ombwe ndani yake. Aidha, vidhibiti vingi vya namna hiyo vimeungwa kwa mrija mwembamba na bomba la hewa la injini. Mrija huo ukichomolewa injini ikiwa imetulia, kanieneo hupanda kwa nusu bar hivi. Na ukikutwa una petroli ndani, kiwambo kimepasuka.

Msomaji na atazame maneno yaliyotumika katika aya hizi. Sindano "huanguka" kwa njia mbili. Huanguka kwa kupita kwa muda, geji ikiwa mahali pamoja. Na kanieneo huwa ndogo kutoka mahali hadi mahali, kwa mfano kabla ya chujio na baada yake, muda ukiwa ule ule. La kwanza ni kushuka kwa kanieneo. La pili ni tofauti ya kanieneo. Tumeona tafsiri zinazotumia "kushuka" kwa yote mawili, na fundi akalitafuta tundu linalovuja mahali ambapo palikuwa na uchafu tu.

Hatari ya sentensi ya zamani

Mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani ilitoa mtambo wa dizeli wa namna mpya kwa malori ya Hino, na mwaka 1997 mtambo wa Bosch wa aina hiyo ukatokea katika Alfa Romeo 156. Katika mtambo huu pampu hujaza mafuta katika bomba moja nene la pamoja, nayo nozeli zote huchota humo kwa amri ya kompyuta. Mtambo wa mwaka 1997 ulifikia bar 1,350. Mitambo iliyofuata ilivuka 2,000, na baadhi imefika 2,500.

Turudi sasa kwa fundi anayelegeza nati. Katika pampu ya zamani mafuta yalimiminika kwa mapigo mafupi, na kulegeza nati kulimwaga dizeli kidogo. Katika bomba la pamoja, dizeli itokayo kwenye ufa mwembamba hutoka kama sindano isiyoonekana. Huweza kutoboa ngozi na kuingia nyamani. Jeraha hilo kwa nje huonekana dogo, kumbe linahitaji hospitali mara moja, na wapo waliopoteza vidole na mikono. Kwa injini hizi fundi halegezi kitu injini inapozunguka. Husoma kanieneo kwa chombo kilichoungwa na kompyuta ya gari, na hupima mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli kwa kuyakinga katika vichupa, akavilinganisha.

Hapa pana funzo kubwa kwa sisi tunaotafsiri. Sentensi "legeza bomba la nozeli, usikilize mlio" ni Kiswahili safi, na ilikuwa kweli kwa miaka mingi. Mtafsiri anayeikuta katika kazi ya zamani, akaona nozeli ni nozeli na bomba ni bomba, anaweza kuinakili katika mwongozo mpya kwa nia njema kabisa. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni kiasi cha kanieneo kilichomo ndani ya maneno hayo.

Majina yetu

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja jambo hili, na kila moja lina ukoo wake.

"Shinikizo" ni la zamani. Latokana na kushinikiza, nalo lilitaja pia chombo cha kushindilia au kukamulia vitu, kama vile mbegu za mafuta. Kwa hiyo neno hili lilijuana na mafuta kabla ya injini kufika. Siku hizi limeshikwa zaidi na waganga katika "shinikizo la damu", na waandishi wa habari katika habari za siasa.

"Mgandamizo" hutokana na kugandamiza, yaani kubana kitu kwa uzito mpaka kipungue nafasi. Ni neno zuri sana kwa hewa iliyo ndani ya silinda, ambayo kweli hupungua nafasi. Kwa mafuta halifai, kwa maana kimiminika hakibanwi kwa kiasi cha kuonekana. Hilo ndilo tulilopaswa kuliona siku ile.

"Presha" limekuja na mabomba ya matairi, majiko na hospitali. Watu wengine hulichukia kwa kuwa ni la kukopa. Sisi hatulichukii. Pampu, injini, silinda na kabureta nazo ni za kukopa. Lakini presha kwa mwananchi wa kawaida ni ugonjwa, kiasi kwamba kusema "ana presha" ni kusema si mzima, hali gari lisilo na presha ndilo lisilo zima.

"Kanieneo" ni mtoto wa istilahi za fizikia. Limeundwa kwa "kani" na "eneo", nalo limebeba fasili yake mgongoni: kani iliyogawanywa kwa eneo. Mwanafunzi akilijua jina, amekwisha jua hesabu. Kasoro yake ni kwamba halijashuka sana chini ya gari. Yule fundi mzee tulipomweleza, alitujibu kwa adabu: "Walimu wangu, neno lenu ni zuri, lakini mimi nikilala chini ya gari nasema presha. Nyinyi niandikieni tu ni ya wapi."

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, kazi ya kusanifisha istilahi imekuwa ikifikiriwa na wengi kama kazi ya kuchagua neno moja kati ya mengi. Kuchagua ni lazima, na kwa maandishi rasmi sisi tunapendekeza "kanieneo", tukiliacha "mgandamizo" kwa hewa ya silinda, na "mtiririko" kwa wingi wa mafuta yanayopita kwa muda. Lakini tumejifunza kwamba neno lililochaguliwa vema bado ni nusu ya istilahi. Tungeandika katika mwongozo ule "pima kanieneo" badala ya "pima mgandamizo", fundi angepima akiwa ametuliza injini, angekuta bar zimetimia, na gari lingebaki pale pale. Istilahi ya kipimo hukamilika inapotaja mambo matatu: ya wapi, ya wakati gani, na ikilinganishwa na nini.

Hili la mwisho si dogo. Geji ya karakana husoma sifuri ikiwa mezani, ingawa hewa inaisukuma kote. Kwa hiyo huonyesha ziada juu ya hewa, tuseme kanieneo ya geji. Vyombo vingine, kama kile cha D-Jetronic, hupima kanieneo kamili, hewa ikihesabiwa. Mjini Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa yenyewe ni bar 0.8 na kitu, si bar moja kama Tanga. Na vitabu vyenyewe huandika kwa vizio mbalimbali: vya Uingereza kwa ratili kwa inchi ya mraba, vya zamani vya Japani kwa kilo kwa sentimita ya mraba, vya leo kwa bar au kilopascal. Bar moja ni ratili 14.5 kwa inchi ya mraba, au kilopascal 100. Mtafsiri anayeandika "36" bila kizio amemwachia fundi kitendawili.

Tamati

Yule fundi mzee aliunga geji kwenye bomba la nozeli, akaomba injini iwashwe. Sindano ilisimama vizuri. Akaomba mafuta yakanyagwe na kushikiliwa. Sindano ikateremka polepole na kubaki chini. Akabadilisha chujio la mafuta, akapima tena, akafunga boneti. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko tulioutumia sisi kubishana juu ya neno.

Tuliurudia mwongozo wetu. Hatua ile moja sasa ni mbili kama zilivyokuwa katika lugha ya asili. Ya kwanza yasema: "Pima mgandamizo wa hewa katika kila silinda." Ya pili yasema: "Pima kanieneo (presha) ya mafuta kwenye bomba la nozeli, kwanza injini ikiwa imetulia, kisha ikiwa na mzigo, iandike kwa bar." Ni sentensi ndefu, wala haina uzuri wa kusomwa kwa sauti. Tunawaomba watafsiri na walimu wenzetu, kila wanapokutana na neno la namna hii katika kazi zao, liwe la injini, la maji, la hewa au la damu, wasiridhike kuulizana linaitwaje kabla ya kuulizana ni la wapi. Na walio na miongozo ya zamani makabatini mwao, tunawasihi waifungue tena. Huenda mkapatikana humo sentensi safi ambayo wakati wake umepita.